Barua ya Kufunga Muhula: Mradi wa Moyo kwa Maonyesho ya Sayansi

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salamu nyingi. Shule inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Ripoti ya mwanao imo katika bahasha hii pamoja na tarehe ya kufungua. Naomba usome maoni ya mwalimu wa darasa, yale ya chini kabisa, kabla ya kumwita mtoto na kumuuliza habari za hisabati. Mengine ya kawaida tutayazungumza kwenye kikao. Nafasi iliyobaki naitumia kwa maonyesho ya sayansi ya muhula ujao.

Wanafunzi wamepiga kura na kuchagua mada ya magonjwa ya moyo. Nimefurahi, na nimeingiwa na hofu kidogo. Nimefurahi kwa sababu magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoua watu wengi kuliko mengine yote duniani, na watoto wetu wanayasikia nyumbani kila babu anapotajiwa presha. Hofu yangu ni kwamba mada pana namna hii humpeleka mtoto kunakili kurasa za intaneti, na humpeleka mzazi kununua gundi, rangi na taa.

Zamani kidogo, nikiwa mwalimu kijana, niliitwa kuwa mwamuzi katika maonyesho kama haya. Kulikuwa na moyo wa plasta, mkubwa kama ndoo, wenye taa nyekundu na za buluu zinazowaka kwa zamu. Nikamuuliza mwenye mradi ni upande gani unaopeleka damu mapafuni. Akamtazama baba yake. Baba akajibu, tena akajibu sawasawa. Meza ya pili alikaa binti mwenye chupa ya maji, mipira miwili myembamba ya kupitishia maji na daftari lililolowa. Moyo wa plasta ukapata nafasi ya kwanza, nami nilikuwa miongoni mwa walionyoosha mkono.

Yule binti alikuwa akitafuta kujua nini hutokea mshipa unapokuwa mwembamba. Jean Poiseuille, daktari wa Ufaransa aliyetaka kuelewa mwendo wa damu, alifanya majaribio ya namna hiyo kwa vijibomba vya kioo katika miaka ya 1830 na 1840. Alichokuta bado kinanishangaza: upana wa bomba ukipungua kwa nusu, huku msukumo na urefu ni vilevile, kinachopita hakipungui kwa nusu, kinabaki sehemu moja ya 16. Ndiyo maana mafuta yanayojijenga taratibu ndani ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, si jambo dogo. Mtoto akirudia jaribio hilo nyumbani kwa chupa na mipira, huenda akapata sehemu moja ya 9 au ya 12, asipate ya 16. Tafadhali usimwambie afute. Aandike alichopima, kisha ajiulize kwa nini: maji yalivurugika, mipira haikulingana urefu, au chupa ilikuwa inaishiwa na msukumo ukashuka? Hapo ndipo mradi wenyewe unapoanzia.

Kwa hiyo kazi ya likizo ni kutafuta swali. “Ugonjwa wa moyo” si swali. “Mazoezi yana faida gani?” nalo halipimiki na mtoto kwa wiki tatu. Lakini “baada ya kuruka kamba dakika 2, mapigo ya moyo huchukua muda gani kurudi yalipokuwa, na je, wanaocheza mpira kila siku hurudi mapema zaidi?” hilo linapimika. Kinachotakiwa ni saa na vidole viwili, cha shahada na cha kati, vikiwekwa ndani ya kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Gumba lisitumike kupimia, maana nalo lina mapigo yake. Mtoto atakutana na mtego mmoja mzuri sana: akihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, pigo moja likimponyoka amekosea kwa 4, akihesabu dakika nzima, moyo unakuwa umeshatulia kabla hajamaliza. Achague mwenyewe, na aeleze kwa nini amechagua hivyo. William Harvey, daktari wa Uingereza aliyeandika mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini, hakuwahi kuiona mishipa midogo kabisa inayounganisha ateri na vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Sehemu kubwa ya hoja yake ilikuwa kuzidisha tu: damu inayotoka kwa pigo moja, mara idadi ya mapigo.

Asiyependa kukimbia anaweza kusoma vibandiko vya pakiti zilizomo jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na pakiti nyingi huandika sodiamu, ambayo huzidishwa kwa 2.5 ili kupata chumvi. Wakubwa zaidi wanaweza kuandaa dodoso: wenzao wangapi wanajua kwamba maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria, yasipotibiwa, yanaweza kuzaa homa ya baridi yabisi na kuharibu vali za moyo? Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, yaani wao wenyewe. Binafsi ningependa kuona mradi huu kuliko yote.

Hapa sina mjadala: hakuna kujaribu dawa ya mtu, kutoa damu, wala kunywesha wenzake kahawa au vinywaji vya kuchangamsha ili apime mapigo. Mwenye pumu, tatizo la moyo au anayeumwa hakimbizwi. Anayepimwa akiwa mtoto, mzazi wake aridhie kwa maandishi, na daftarini aandikwe kwa namba, si kwa jina. Na mwanafunzi asimwambie yeyote kwamba ana presha kwa kipimo kimoja. Akiona namba ya kutisha, amweleze mtu mzima, naye ashauri mtu huyo aende kituo cha afya.

Wewe mzazi shika saa, uliza “umejuaje?”, kaa karibu anaporuka kamba. Bango aliandike mwenyewe. Mwandiko wako tunaufahamu, tunausoma kila muhula kwenye barua za udhuru.

Swali, sentensi moja tu yenye alama ya kuuliza mwishoni, limfikie mwalimu wa sayansi katika wiki ya kwanza baada ya kufungua. Mwenye kipima presha nyumbani anayeweza kutuazima kwa siku mbili, naomba anipigie simu ya ofisi kabla ya Ijumaa.

Wako katika malezi,

Mwalimu Mkuu