Mwanangu anahesabu kurasa badala ya kufurahia kitabu: nifanyeje?

Mpendwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya ushauri nieleze jambo linalonikosesha raha, nikiamini kwamba miongoni mwa wasomaji wako wamo wazazi, walimu na wakutubi ambao wamewahi kukabiliana nalo. Nina watoto wawili, mvulana wa miaka 10 na binti wa miaka 6, na aliyenifanya niandike barua hii ni yule mkubwa.

Si kwamba hajui kusoma. Anasoma kwa ufasaha, maneno marefu hayamshindi, na alama zake za darasani ni nzuri. Tatizo ni kwamba haoni raha yoyote katika kusoma: akishamaliza sehemu aliyoagizwa, hufunga kitabu kama mtu aliyetua mzigo, na hakigusi tena mpaka atakapoagizwa upya. Najua wengi watanijibu kwamba ni simu na televisheni. Hivyo vyote tumeviwekea utaratibu nyumbani na anaufuata bila matata, lakini muda uliopatikana haukwenda kwenye vitabu.

Shuleni kwao kila mtoto ana daftari la usomaji. Kila jioni huandika jina la kitabu, idadi ya kurasa alizosoma na muhtasari mfupi, kisha mzazi hutia sahihi. Mwisho wa juma mwalimu hujumlisha kurasa na kubandika nyota kwenye chati iliyo ukutani, na mwisho wa muhula mwenye nyota nyingi hupewa zawadi mbele ya wenzake. Nia ya mpango huu ni njema, na mwalimu mwenyewe ni mtu mwenye bidii anayefundisha darasa kubwa. Ameniambia kwamba wapo watoto ambao kabla ya chati hiyo hawakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja cha hadithi, nami sina sababu ya kumtilia shaka.

Ninachokiona nyumbani, hata hivyo, ni kitu kingine. Mwanangu huchagua kitabu kwa wembamba wake na ukubwa wa herufi zake, na kabla hajasoma neno la kwanza hufungua ukurasa wa mwisho kuangalia namba. Husoma kwa muda uliopangwa, na kengele ikilia huacha pale pale alipofika, hata kama ni katikati ya sentensi. Juzi alimwacha mhusika amesimama mbele ya mlango uliofungwa, mkono uko kwenye kitasa, na ndani kuna sauti ya mtu asiyejulikana. Nilimuuliza kama hataki kujua ni nani aliyemo ndani. Akanijibu, kwa adabu kabisa, kwamba kurasa za leo zimetimia.

Mtoto huyo huyo ana kitabu kimoja kuhusu viumbe wa baharini ambacho amekisoma mara nyingi hadi jalada limeanza kuachia. Siku moja alinifuata jikoni kunieleza kwamba pweza ana mioyo mitatu, kwamba miwili kati yake kazi yake ni kusukuma damu kwenye mashavu anayopumulia, na kwamba damu yenyewe ni ya buluu kwa sababu ina shaba badala ya chuma. Alizungumza kwa furaha ambayo sijawahi kuiona anapoandika muhtasari. Lakini kitabu hicho hakiingii kwenye daftari: kwanza si cha hadithi, na pili, kurasa za kitabu kilichokwisha kusomwa hazihesabiwi tena. Matokeo yake ni kwamba siku hizi hakifungui. Aliniambia mwenyewe kwamba kinampotezea muda wa nyota, na maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nimejaribu kujielimisha kabla ya kulalamika. Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti waliofanya kwa watoto wa shule ya awali ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo wangechora, kundi la pili lilipewa cheti hicho hicho baada ya kuchora bila kukitarajia, na la tatu halikupewa chochote. Baada ya wiki moja au mbili, kalamu zilipowekwa mezani tena bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Kalamu za rangi si vitabu, na watoto wale walikuwa wanapenda kuchora tangu awali, ilhali darasani kwa mwanangu huenda wamo watoto ambao hawana mapenzi ya kusoma yanayoweza kupotea. Kwa sababu hiyo siombi chati iondolewe kwa kila mtoto. Hofu yangu ni juu ya yule ambaye tayari alikuwa na kitabu chake anachokipenda, na sasa anajifunza kwamba hakina thamani.

Umri wake nao unanitia wasiwasi. Mtaalamu wa usomaji Jeanne Chall alieleza mwaka 1983 kwamba karibu na darasa la nne mtoto hutoka katika hatua ya kujifunza kusoma na kuingia katika hatua ya kusoma ili ajifunze, na masomo yote kuanzia hapo humtaka aelewe maandishi mazito zaidi. Mtoto asiyesoma ila kwa kuagizwa atapata wapi msamiati na maarifa ya kumbeba huko mbele?

Kuna suala la pili, nalo tumetofautiana na baba yao. Kila usiku ninamsomea binti yangu kwa sauti kabla hajalala. Kaka yake husema hizo ni hadithi za watoto wadogo, lakini mara nyingi huwa na sababu ya kupita chumbani humo wakati huo: anatafuta soksi, anatafuta rula, na akishaipata hatoki mpaka hadithi iishe. Nilipendekeza naye nianze kumsomea kitabu chake mwenyewe, kirefu na kigumu kuliko vile anavyochagua kwa ajili ya nyota. Baba yao anaona kwamba kumsomea mtoto anayeweza kujisomea ni kumdekeza na kumfanya mvivu, na kwamba muda huo angeutumia kusoma peke yake.

Mimi siafikiani naye, ingawa naiheshimu hoja yake. Philip Gough na William Tunmer walieleza mwaka 1986 kwamba kuelewa maandishi kunahitaji mambo mawili kwa pamoja, yaani kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe inaposemwa, na kwamba moja likikosekana lingine halitoshi. Mwanangu la kwanza analo. La pili, kwa maoni yangu, litakuzwa vizuri akisikiliza hadithi iliyo juu kidogo ya uwezo wake wa kusoma peke yake, yenye sentensi na maneno ambayo mazungumzo yetu ya kila siku hayana. Isitoshe, naamini kwamba mtoto anayekaa na mzazi wake wakisubiri pamoja kujua kitakachotokea hujifunza kwamba kitabu ni kitu cha kushiriki raha, jambo ambalo muhtasari hauwezi kumfundisha.

Ninaomba ushauri hasa katika mambo haya. Je, ni busara kumwomba mwalimu amruhusu mwanangu aandike kitabu chochote anachokipenda, hata kikiwa cha viumbe au cha katuni na hata kama amekwisha kukisoma, au tuache kabisa kuhesabu kurasa zake? Nikifanya hivyo, nitumie maneno gani ili mwalimu asione kwamba ninaidharau kazi yake, na mwanangu asijione ametengwa pale wenzake watakapoitwa mbele kuchukua zawadi? Kwa walimu watakaosoma barua hii: mmepata njia gani ya kujua kama mtoto amesoma, pasipo kumdai muhtasari wa kila kitabu? Na kwa wazazi ambao wamewasomea watoto wa miaka 10 na kuendelea, mlianzaje bila mtoto kuona haya, hasa akiwa na mdogo wake anayemtazama?

Nitafurahi pia kupata jibu la mtu asiyekubaliana nami, mradi awe amelea au kufundisha mtoto wa aina hii, kwa maana baba yao ameahidi kusoma majibu yote pamoja nami kabla muhula mpya haujaanza.

Wako mtiifu,
Mama wa Watoto Wawili