Barua kwa mwanangu: usininunulie ukurasa uliokatwa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Tanga sote wazima, alhamdulillahi. Goti la baba yako limetulia, na shangazi yako amerudi Pangani juzi. Picha ulizonitumia za lile duka la Edinburgh nimezitazama mpaka simu ikaisha chaji. Nimefurahi kwamba umenikumbuka na kwamba unataka kuninunulia zile kurasa mbili za kitabu cha Speke, yule msafiri Mwingereza aliyetafuta chanzo cha Mto Nile, zilizotiwa fremu. Lakini usizinunue. Nakueleza kwa kirefu sababu yake, maana kabati hili la vitabu siku moja litakuwa lako.

Karatasi yenyewe huenda ni ya kweli, ila rangi si ya wakati ule. Kitabu cha Speke cha 1863, Journal of the Discovery of the Source of the Nile, kilichapwa na Blackwood, na picha zake zilikuwa nyeusi tupu. Ile bluu ya maji na ule wekundu wa nguo umepakwa baadaye ili ukurasa upendeze ukutani. Tena ukurasa haukujitoa wenyewe. Mtu alichukua kitabu kizima, kilichovumilia zaidi ya miaka 150, akakipitishia wembe, kwa kuwa picha zikiuzwa moja moja huleta fedha kuliko kitabu. Maneno yaliyobaki hayana mnunuzi. Biashara hii ni ya zamani na wala haikatazwi, lakini mimi siichangii hata senti.

Fikiria kinachopotea. Kitabu kile kina picha ya watu waliofika na Speke hadi Cairo, Sidi Mubarak Bombay, mkalimani na msaidizi wake, akiwa miongoni mwao. Mwishoni mwa kitabu pana orodha ya watu wa msafara kwa majina, pamoja na khabari za mwisho wa safari yao, wengine wametoroka, wengine wamerudishwa. Picha na orodha vinategemeana. Ukiitundika picha peke yake sebuleni, wale wanakuwa watu weusi wa pambo, hawana majina. Ukikishika kitabu kizima, unamwona mtu, unafungua nyuma, unatafuta jina. Mimi nakusanya vitabu hivi kwa ajili hiyo. Waliobeba mizigo, waliojua njia, waliotafsiri maneno, waliotoka mwambao huu na bara yake, mara nyingi hawakuacha karatasi nyingine yoyote duniani.

Kwa hiyo jifunze kuzisoma picha zenyewe. Mchoraji katika safari ile alikuwa James Grant, mwenzake Speke. Michoro yake ilipofika Uingereza alipewa Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyeishi London, aichore upya kwa ajili ya kitabu. Kisha mafundi wakaichonga kinyumenyume kwenye vipande vya mti mgumu, ili picha ikichapwa itoke sawa. Kila mkono uliopokea kazi uliongeza kitu au uliondoa kitu. Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti, alilijua hilo vizuri. Kitabu chake cha 1857, Missionary Travels, kina picha ya simba akimrarua, naye alipoiona kabla ya kuchapwa alimsihi mchapishaji wake, John Murray, aiondoe, kwa kuwa mtu yeyote aliyewahi kumwona simba angeicheka. Haikuondolewa. Basi ukimwona Mnyamwezi aliyechorwa na uso wa Kigiriki, usishangae sana.

Nawe una bahati ambayo mimi sina. Michoro ya Grant mwenyewe, ya penseli na ya rangi za maji, imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, hapo hapo mjini unakoishi. Jiandikishe uwe msomaji, uombe uione, kisha ufungue kitabu pembeni. Kazi hiyo ya asubuhi moja itakufunza kuliko barua yangu hii yote.

Ukitaka kununua kitu, nunua kitabu kizima hata kama jalada limechoka. Mgongo uliopasuka hutengenezwa, ramani iliyochanwa haioti tena. Cha kwanza kutazama ni ramani za kukunjwa, kwa sababu ndizo huibwa kwanza na ndizo huchanika kwenye mikunjo. Halafu hesabu picha ukilinganisha na orodha iliyo mbele ya kitabu. The Lake Regions of Central Africa cha Burton, msafiri Mwingereza aliyekuja huku pamoja na Speke, juzuu mbili za 1860, lazima kiwe na picha 12 za rangi, na hizo rangi zake ni za kuchapwa tangu mwanzo. Zikiwa 11, muuzaji akuambie yeye mwenyewe kabla hujamwambia wewe, na asipokuambia, ondoka. Beba kioo cha kukuzia. Picha inayodaiwa kuwa ya 1860 ikionyesha vinukta vidogo vilivyopangwa safu safu kama mbegu za ufuta, hiyo imenakiliwa kwa mashine ya baadaye, maana uchapaji wa vinukta ulienea mwishoni mwa karne ile. Madoa ya kahawia kwenye karatasi yasikutishe. Harufu ya ukungu ikutishe.

Burton, nakuonya mapema, anaudhi. Ana dharau kwa karibu kila mtu anayempitia, na kuna kurasa ambazo nimezifunga kwa hasira. Bado namweka kabatini, kwa sababu mtu huyo huyo alikuwa na jicho kali: bei za sokoni, aina za shanga na vitambaa, desturi za wapagazi njiani, vyote kaviandika. Dharau yake nayo ni ushahidi, na haifai mtu mwingine atusomee kwa niaba yetu.

Na usisahau kilichowaleta yeye na Speke huku. Mmisionari Jakob Erhardt alikaa hapa Tanga yetu miaka ya 1850, akawasikiliza wafanyabiashara waliotoka bara, akachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno, limejikunja umbo la koa. Waliomsimulia walikuwa wanazungumzia maziwa zaidi ya moja, yeye akayaunganisha. Ramani hiyo ilipofika London ilizua mabishano, na mabishano ndiyo yaliyochangia Burton na Speke kutumwa. Habari zilitoka vinywani mwa watu waliokuwa wakiijua njia kwa miguu yao.

Ndiyo sababu katikati ya kabati, baina ya majalada ya dhahabu, nimekiweka kitabu kisicho na picha: Safari za Wasuaheli, alichokitoa Mjerumani Carl Velten mwaka 1901. Humo wasafiri wetu wanasimulia wenyewe kwa Kiswahili. Salim bin Abakari, Mngazija, anaeleza alivyokwenda Urusi hadi Siberia mwaka 1896. Anatazama barafu, watu na farasi wa kule kwa udadisi ule ule ambao Wazungu walitutazama nao sisi. Ukisoma kurasa zake kumi kisha ukarudi kwa Burton, utamwona Burton upya.

Huku kwetu adui ni unyevu. Masika hii nimeliondoa kabati ukutani kwa kiganja kizima ili hewa ipite nyuma, na kila Ijumaa navifungua vitabu na kukagua mchwa. Uliniuliza kama unitumie mafuta ya kupaka ngozi za majalada. Hapana, hapa kwetu yanavutia ukungu. Niletee karatasi nyembamba isiyo na asidi, ya kuweka juu ya picha. Na selotepu isiguse kitabu kamwe, hata kwa dakika moja.

Ninachokitamani ni The Last Journals cha Livingstone, cha 1874, juzuu zote mbili. Susi na Chuma, watumishi wake, ambao pamoja na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, walikwenda Uingereza mwaka ule wakamweleza mhariri, Horace Waller, yaliyotokea, na Susi akatengeneza mfano wa kibanda alichofia. Ukikuta nakala iliyochakaa lakini haijakatwa, nipigie kabla hujalipa, tuhesabu picha pamoja kwenye simu. Fedha za zile fremu zitunze kwa ajili hiyo.

Vaa soksi nzito. Baba yako anakusalimu.

Mama yako