Bukini haitukingi na vimbunga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie maelezo yanayorudiwa magazetini, redioni na vijiweni kila msimu wa vimbunga unapofika katika Bahari ya Hindi, kwamba pwani ya Kenya na Tanzania husalimika kwa sababu kisiwa cha Madagaska kimejilaza mbele yetu mfano wa ukuta. Nilifundisha Jiografia kwa miaka mingi hapa Lindi, na nakiri kwamba mimi mwenyewe niliwaambia wanafunzi jambo hilo hadi siku nilipochukua ramani na rula.

Madagaska, ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini, inaanzia karibu na nyuzi 12 kusini mwa ikweta na kuishia nyuzi 25 na kidogo. Lindi na Mtwara ziko kwenye nyuzi 10, Mafia inakaribia nyuzi 8, Dar es Salaam inakaribia nyuzi 7, na Mombasa iko kwenye nyuzi 4 tu. Ncha ya kaskazini ya kisiwa hicho, basi, iko kusini zaidi kuliko Mtwara. Mtu akisimama ufukweni Mtwara na kutazama mashariki moja kwa moja, mbele yake hakuna Bukini. Kuna bahari tupu, na kisiwa cha Ngazija, huko Komoro, kiko kusini kidogo ya pale anapotazama. Anayestahili kukingwa na kisiwa hicho, kama kweli ni kinga, ni mkazi wa Beira, mji ulio karibu na nyuzi 20, ambao upande wake wa mashariki umezibwa na Madagaska yote. Na ni Beira hiyohiyo iliyopigwa na kimbunga Idai usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kimbunga ambacho pamoja na mafuriko yake kiliua watu zaidi ya 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Ikiwa aliye nyuma ya ukuta ndiye anayepigwa, na asiye na ukuta ndiye anayeachwa, sababu tuitafute kwingine.

Sababu kubwa ni ukaribu wetu na ikweta. Kimbunga huhitaji maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26.5 za Selsiasi au zaidi, tena joto lililoshuka kina cha makumi ya mita, si utando wa juu tu. Huhitaji pia hewa yenye unyevu mwingi, na pepo za juu na za chini zisizopishana sana, kwa kuwa zikipishana hukikata kichwa kabla hakijasimama. Joto sisi tunalo, kwani wakati wa masika maji ya pwani yetu hufika nyuzi 28 na kupita. Tunachokikosa ni mzunguko. Darasani nilikuwa nikitumia kichezeo cha watoto kiitwacho pia kuueleza: mtu aliyesimama kwenye ncha ya dunia huzungushwa papo hapo kama pia, mzunguko mmoja kwa siku, ilhali aliyesimama kwenye ikweta hubebwa kwenda mashariki kwa kasi kubwa bila kuzungushwa hata kidogo pale alipo. Hewa nayo ni vivyo hivyo. Panapotokea mgandamizo mdogo wa hewa karibu na ikweta, upepo hukimbilia katikati moja kwa moja na kulijaza pengo. Mbali na ikweta upepo huohuo hupindishwa, ukalizunguka pengo badala ya kulijaza, na hapo ndipo kimbunga kinapopata umbo. Ndiyo maana vimbunga huzaliwa kwa nadra sana ndani ya nyuzi 5 za ikweta. Vikishazaliwa, pepo za mashariki huvisukuma kuelekea magharibi huku vyenyewe vikizidi kujitenga na ikweta, ambapo kwa upande wetu ni kuelekea kusini. Lamu, Mombasa na Tanga, kwa hiyo, ziko mahali ambapo vimbunga havizaliwi kwa urahisi wala havina kawaida ya kuelekea.

Mwelekeo huo wa pepo una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Tufani nyingi zinazoipiga Marekani na visiwa vya Karibi huanza kama mawimbi ya hewa yanayotoka Afrika Magharibi na kupata nguvu baharini karibu na Cape Verde, lakini pwani ya Senegal, iliyo jirani na chimbuko hilo, huathirika kwa nadra kwa sababu pepo huzipeleka mbali nayo.

Bukini nayo nisiionee. Kimbunga kinachovuka milima yake hupungua nguvu, na hilo lilionekana Februari 2023, kimbunga Freddy kilipopita juu yake baada ya kuivuka Bahari ya Hindi yote kutoka upande wa Australia. Tatizo ni kwamba nyuma ya kisiwa kuna Mlango-bahari wa Msumbiji, wenye maji ya moto, ambamo kimbunga kilichochoka hupata nguvu upya na kingine huzaliwa humohumo. Freddy kilitua Msumbiji, kikarudi baharini, kisha kikaipiga tena mwezi Machi. Idai nacho nguvu zake kilizipata katika mlango-bahari huo. Ukichanganya na hayo bahari ya Sofala, iliyo mbele ya Beira, isiyo na kina na mji wa Beira uliojengwa bondeni pembeni mwa mto Pungwe, huhitaji kuuliza kwa nini maji yaliingia hadi majumbani.

Sasa nije kwetu, kwa kuwa hofu yangu iko hapa. Zanzibar ilipigwa na kimbunga tarehe 15 Aprili 1872, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu za Sultani Barghash, huku Pemba, iliyo kaskazini kwa takriban nyuzi moja tu, ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Lindi ilipigwa tarehe 15 Aprili 1952, na kulingana kwa tarehe hizo mbili ni jambo la bahati tu, lakini kulingana kwa msimu si bahati. Kimbunga Kenneth, kilichopita kaskazini mwa Ngazija na kutua Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji ulio jirani kabisa na Mtwara, kilifika tarehe 25 Aprili 2019. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Mwezi Januari na Februari, ukanda wa mvua na wa makutano ya pepo huwa uko kusini, kwenye nyuzi za Bukini na Msumbiji. Jua likishavuka ikweta mwishoni mwa Machi, ukanda huo hurudi kaskazini na kupita juu yetu, nao huja na uwezekano wa kimbunga hadi kwenye nyuzi 8, 9 na 10, ambako dunia tayari inatoa mzunguko wa kutosha. Kwa hiyo hatari ya Lindi na Mafia huja mwishoni, wakati wengine wanapoanza kusema msimu umekwisha.

Mwaka 2024 jirani zangu kadhaa walingoja Bukini ikivunje kimbunga Hidaya, jambo ambalo kisiwa hicho kisingeweza kulifanya kwa namna yoyote, kwa kuwa Hidaya kilipita kaskazini yake. Kilidhoofika kilipogusa nchi kavu, lakini barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikuwa imekatika eneo la Somanga.

Ombi langu kwenu ni dogo. Muache kuandika "pwani ya Tanzania" kana kwamba ni mahali pamoja, kwa kuwa kutoka Tanga hadi Mtwara kuna tofauti ya nyuzi 5, na katika suala hili nyuzi hizo zina maana kubwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa itoapo taarifa ya kimbunga kati ya katikati ya Machi na katikati ya Mei, chapisheni kitovu chake kiko nyuzi ngapi na kinaelekea wapi, pamoja na ramani ndogo yenye mistari ya nyuzi, hata kama itachukua nafasi ya tangazo moja.

Mwalimu mstaafu,
Lindi