Kaka yangu, majibu yale hayakuwa ya kusomwa barazani

Kaka, shikamoo.

Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma na kuunyamazia. Nakuandikia hapa, vijana watakusomea.

Nimesikia unasema namharibu mwanao. Nitafika huko. Kwanza arobaini ya Baba.

Hitima imekwisha, watu wanakula pilau, nikakupa pembeni bahasha yenye majibu ya kipimo changu cha damu, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wetu. Ukaitoa karatasi, ukaisoma kwa sauti mbele ya wazee wa Mikindani: HLA-B27, ipo. Kisha ukasema, "Damu hii si ya kwetu. Imetoka Newala." Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani yako mkononi. Sahani yako, kaka. Yeye ndiye aliyekupakulia tangu mama yako alipofariki, na wewe hukuwahi kumwita mama wa kambo. Hakujibu. Aliiweka sahani chini akaingia ndani. Mengine yote ya siku ile nimekusamehe. Hilo sijaweza.

Na wala hukuwa na haki ya kulisema. HLA-B27 ni alama ya kurithi inayoambatana na ugonjwa wa uti wa mgongo kukakamaa, ankylosing spondylitis. Alama ile mtu huirithi kwa baba au kwa mama, na mzazi mwenye nayo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Karatasi haisemi imetoka upande upi. Baba hakupimwa, Mungu amrehemu, siwezi kuisemea damu yake. Lakini tunamkumbuka. Ukimwita kwa nyuma aligeuka mwili mzima. Mwezi wa Ramadhani ukiandama tulimwonyesha kwa vidole, shingo haiinuki, naye anasema "nimeuona" ili tusihuzunike. Watu wakasema ni kuinama kuokota korosho. Majirani wote wameokota korosho, mbona wao wamenyooka?

Na wewe je? Unaamka usiku wa manane kwa sababu mgongo umekaza, unazunguka uani mpaka ulegee. Ukishika jembe unapata nafuu, ukipumzika maumivu yanarudi. Mgongo uliochoshwa na kazi hutulia mtu akilala, wako hautulii. Na lile jicho lililokuwa jekundu, mwanga ukikuchoma, ukanunua dawa ya matone dukani! Mimi nilitibiwa mara figo, mara mkojo mchafu, mpaka jicho langu lilipofanya hivyohivyo, na daktari wa macho akaniuliza asubuhi naamkaje. Ndiye aliyenituma kwenye kipimo. Jicho la namna ile likiachwa linaweza kupofuka. Usilichezee, nakuomba.

Uliuliza pia, "Nani atawaoa watoto hawa?" Wanangu walikuwapo, walikusikia. Kaka, walio wengi sana kati ya wenye alama hii hawaugui maisha yao yote. Kwetu Waafrika alama yenyewe ni adimu, na wapo wagonjwa wasio nayo kabisa. Kwa hiyo kuwa nayo si kuugua, na kuikosa hakumaanishi mgongo wako uko salama. Daktari anakiweka kipimo pamoja na picha ya nyonga na maelezo ya mgonjwa mwenyewe, ndipo anaamua. Madaktari wa London na Los Angeles waliuonyesha uhusiano wa alama hii na ugonjwa mwaka 1973, mama yangu hajaijua hata njia ya kuja Mikindani. Laana ya Newala inaingiaje hapo?

Sasa mwanao. Alinipigia yeye, mimi sikumtafuta. Alikuwa analia. Ulimpeleka Tandahimba, akachanjwa chale kiunoni, na asubuhi bado anashika ukuta ili asimame. Ulitaka nimwambie nini? Nilimwambia kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe, na mara nyingi huanza ujanani, katika umri kama wake. Kwamba hauponi kabisa, lakini dawa za kutuliza uvimbe na mazoezi ya kila siku humsaidia mtu asikakamae. Na kwamba mifupa ya uti ikishashikana haiachani tena. Sikumwambia anao. Nilimwambia akaangaliwe mapema. Ningenyamaza ningekuwa shangazi gani? Hata wewe usingenyamaza kwa wanangu. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mpaka zahanati siku niliyoungua uji, mgongo huohuo ninaougombania leo.

Nauli ya basi la kuja Dar nimemtumia, na yako nimeiongeza humohumo. Kama safari huiwezi, kapige picha ya nyonga hospitali ya Ligula, si mbali na hapo. Sigara acha, zinauzidishia mgongo ubaya. Lakini kabla ya picha, kabla ya dawa, nenda Newala kwa mama. Yeye hajakudai kitu, wala hajui kama nimeandika haya. Ninayedai ni mimi.

Mdogo wako