Duka dogo nalo linahitaji mchoro wa mtandao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wenye biashara ndogo hapa Tanga, hususan wa steshenari, maduka ya dawa na nyumba za wageni, kuhusu namna tunavyounganisha kompyuta zetu.

Mazoea yetu ni kununua ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, kuiweka juu ya kabati, kisha kukipa kila kifaa nywila ile ile, kuanzia kompyuta ya mauzo hadi simu ya mteja anayesubiri fotokopi. Kazi ikikwama tunalaumu bando, ilhali kompyuta kupeleka waraka kwenye printa ya chumba cha pili hakuhitaji intaneti hata kidogo. Kunahitaji mtandao wa ndani uliopangwa, nao hupangwa kwa penseli kabla ya kutoa fedha: mezani patakuwa na nini, printa itakaa wapi, waya utapita ukuta gani.

Rai yangu ni kwamba kifaa kisichohama kipewe waya, na waifai waachiwe wenye simu na kompyuta mpakato. Majengo yetu ya zamani yana kuta nene za mawe zinazodhoofisha mawimbi, hasa yale ya gigahezi 5, ambayo yana kasi kubwa lakini hupenya ukuta kwa shida kuliko yale ya 2.4. Swichi ya mtandao, yaani kisanduku kinachounganisha waya za vifaa vyote, ikiwa ya matundu 8 hulitosha duka lenye kompyuta tatu na ikabaki nafasi. Kebo ya Kategoria 5e hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa meta 100, na sijui duka la Ngamiani lenye urefu huo. Ila kebo yenyewe iwe ya shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, na ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Anayejenga sasa apitishe bomba tupu ukutani kabla ya lipu, mbali kidogo na nyaya za umeme.

Wateja wapewe mtandao wao wa wageni, ambao ruta nyingi za siku hizi zinao, ili wasifikie kompyuta yenye madeni au nakala za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Kwa mafundi, ambao wengi wao ni hodari, nina ombi. Msituachie ankara peke yake. Tuachieni na mchoro, kila waya uwe na alama ncha zote mbili, na nywila ya mipangilio ya ruta, baada ya kubadilishwa ile ya kiwandani, aandikiwe mwenye duka. Hivi sasa tundu moja likifa, tunaanza kumtafuta kwa simu fundi aliyekwisha hamia Dar es Salaam.

Mwenye steshenari,
Ngamiani, Tanga