Barua ya kufunga muhula: stuli 40 za Kidato cha Pili

Ndugu Wazazi na Walezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA KAZI YA KARAKANA

Salaam. Muhula umefungwa leo. Ripoti ya kila mwanafunzi imo ndani ya bahasha aliyokabidhiwa, na tarehe ya kurudi imeandikwa chini ya ripoti hiyo. Tafadhali someni maoni ya walimu kabla ya kutazama alama.

Barua iliyobaki naitumia kwa jambo moja ambalo wengi wenu mmeniuliza, wengine kwa hasira: kwa nini watoto wa Kidato cha Pili walikuwa karakanani vipindi viwili kila wiki wakitengeneza stuli, wakati vitabu vipo. Mzazi mmoja aliniambia hakumleta mwanawe shuleni aje kuwa seremala. Nilimjibu kwa haraka siku ile, na jibu langu halikutosha. Naomba nilijibu upya mbele yenu nyote.

Maabara yetu ilihitaji stuli 40. Mwalimu wa ufundi na mwalimu wa hisabati wakashauri wanafunzi wazitengeneze wenyewe, tena kwa utaratibu wa kiwandani: stuli zote ziwe sawa, mguu wowote uingie kwenye kiti chochote bila kuchongwa upya. Sharti hilo la mwisho ndilo lililobeba somo zima. Mtu mwenye mkono mzuri anaweza kutengeneza stuli moja kwa kukadiria na kurekebisha. Akitakiwa kutoa arobaini, kukadiria kunamwangusha.

Walianza na hesabu. Miguu 160, kila mmoja milimita 450, mbao za urefu wa milimita 2,700. Kila ubao miguu sita, hakuna kinachobaki. Daftarini hesabu hiyo ni sahihi. Karakanani mguu wa sita ulitoka mfupi kwa milimita 15. Wakapima tena, wakalaumiana, wakapima mara ya tatu. Ndipo mmoja wao akainama akachota unga wa mbao sakafuni. Msumeno wetu unakula milimita 3 kila unapopita, na umepita mara tano.

Mwalimu alikuwa anajua tangu mwanzo. Alinyamaza makusudi, na mimi namuunga mkono. Watoto walibishana vipindi viwili. Wakibaki na milimita 450, kila ubao unatoa miguu mitano tu, na zinahitajika mbao 32. Wakipunguza mguu hadi milimita 445, ubao unatoa sita, na mbao 27 zinatosha. Anayeketi hawezi kuhisi tofauti ya milimita 5. Wakabadilisha mchoro, wakaandika sababu, wakatia sahihi. Ndugu wazazi, kuna wahandisi wanaolipwa kwa kazi ya namna hiyo hiyo.

Baada ya hapo walijenga jigi, yaani kifaa cha kushikilia mbao mahali pamoja ili kila tundu litobolewe pale pale bila kupimwa upya. Walitumia wiki mbili kutengeneza kitu ambacho si stuli. Baadhi yenu mlisikia nyumbani kwamba "hatujatengeneza hata moja", mkaja ofisini. Bila jigi tungekuwa na matundu 160 yaliyopimwa kwa mikono tofauti.

Uzalishaji ulipoanza, walijipanga kwa msururu: kukata, kutoboa, kuunganisha, kupiga msasa. Siku ya kwanza stuli zilirundikana kwenye msasa. Kila kituo kingine kilichukua chini ya dakika 6 kwa stuli moja, msasa ulichukua 12. Wakataji wakaongeza kasi, na rundo likazidi kukua. Ilibidi waone wenyewe kwamba msururu mzima hauwezi kwenda haraka kuliko kituo chake cha polepole. Wakahamisha watoto wawili kutoka kwenye kukata hadi msasa, na rundo likaisha. Mwalimu wa historia aliitumia nafasi hiyo kuwaeleza habari za kiwanda cha Ford huko Highland Park, Marekani. Kuanzia mwaka 1913 walianza kulipeleka gari kwa fundi badala ya fundi kulifuata gari, na muda wa kuunganisha chasisi moja ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Walimsikiliza kwa makini, maana walikuwa wametoka kuhangaika na tatizo lile lile.

Tukio ninalotaka sana mlijue ni la wiki ya tisa. Msichana mmoja wa kituo cha kuunganisha, mtoto ambaye darasani hanyooshi mkono, aliinua mkono na kusema kazi isimame. Miguu ilikuwa inakaa upande. Wenzake walikasirika, kwa sababu zilibaki stuli 13 tu. Walipokagua, bolti ya jigi ilikuwa imelegea, na viti 11 vilikuwa tayari vimetobolewa vibaya. Iliwachukua siku mbili kuziba matundu na kutoboa upya. Kwenye viwanda vya Toyota kila mfanyakazi ana ruhusa ya kuvuta kamba au kubonyeza kitufe akiona kasoro, na asipopata ufumbuzi haraka, msururu unasimama. Mtoto huyu hakuwahi kusikia habari hiyo. Aliona kosa, akalisema, akavumilia kuchukiwa kwa mchana mmoja. Nimefundisha miaka mingi, na sijui ni mtihani gani ungenionyesha kwamba ana uwezo huo.

Kuhusu usalama, wazazi kadhaa waliuliza kwa nini watoto hawavai glavu kwenye mashine ya kutoboa. Ni kwa sababu keekee inayozunguka ikinasa kitambaa huvuta na mkono. Miwani ya kinga ni lazima, nywele hufungwa, mikono mirefu hukunjwa. Muhula huu hatukupata ajali yoyote zaidi ya vibanzi vya mbao vidoleni.

Je, vipindi hivyo viliwanyima masomo mengine? Baadhi ya mada za hisabati zilichelewa, nakiri, na zitafidiwa wiki mbili za kwanza za muhula ujao. Karakana haitaondolewa kwenye ratiba.

Kila mtoto amerudi na daftari lake la kazi. Mwombeni awaonyeshe ukurasa wa makosa. Tuliwaagiza waandike kila kosa, chanzo chake na walivyolirekebisha, na ukurasa huo ulihesabiwa kwenye alama. Usiposhiba maelezo ya mwanao, muulize tena.

Muhula ujao wanataka kutengeneza masanduku ya zana ya bati. Bati lina tabia zake: likikunjwa hunyumbuka na kutaka kurudi, na kipimo cha kabla ya kukunja si kile cha baada yake. Kama miongoni mwenu yupo fundi bati, au anayefanya kazi kiwandani, tunaomba saa moja ya muda wake aje azungumze na watoto hawa. Majina yaachwe kwa katibu wa shule.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule