Kikubali Hicho Kiti, Lakini Uliza Daftari la Stoo

Manyatta, Kisumu

Mpendwa Mama Zawadi,

Huku kwetu wote ni wazima, tunalalamikia joto tu. Barua yako niliisoma nikiwa nyuma ya nyumba naanika omena, nikacheka hadi watoto wakaja kuniangalia. Eti walimu wa huko Nakuru wanawaona wazazi wakorofi, na wazazi wanawaona walimu wezi, na sasa wanataka wewe usimame uwe mwakilishi wa wazazi wa Gredi ya 5. Unaniuliza ukubali au ukimbie.

Ngoja kwanza nikusimulie ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya shuleni kwetu.

Mwanzoni mwa mwaka tuliitwa mkutano Jumanne, saa nne asubuhi. Nani mwenye kibanda soko la Kibuye ataacha wateja saa nne? Tulifika watu kumi na wawili. Tukatia sahihi, tukaambiwa pesa za chakula zimepanda, tukapiga makofi tukaenda zetu. Kwenye kumbukumbu ikaandikwa kwamba wazazi wamekubali. Unajua serikali hutoa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa msingi, na chakula hakimo humo, kwa hivyo sufuria ni mzigo wetu. Kulipa hatukatai. Lakini pesa zilipopandishwa tena muhula wa pili, soko zima likachemka.

Tukadai mkutano Jumapili baada ya ibada (Jumamosi ilipingwa na Wasabato, na walikuwa na haki), na tukaomba uendeshwe kwa Kiswahili na Kijaluo. Mama Zawadi, uwanja ulijaa! Hata akina mama wanaouza nafaka walikuja, na hao ndio waliofungua hesabu. Gunia la kilo 90 ni gorogoro 45, ule mkebe wa kupimia wa kilo mbili, hilo wanalijua hata usingizini. Gorogoro moja ya mahindi hutosha githeri ya watoto ishirini. Shule ina watoto 300, basi ni gorogoro 15 kwa siku, na gunia liende siku tatu. Daftari la stoo lilipoletwa, likaonyesha gunia linaisha siku mbili.

Macho yote yakamgeukia mpishi. Maskini alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, jasho likimtoka, na mimi, nakiri, nilikuwa miongoni mwa waliokwisha kumhukumu.

Ndipo akainuka mwalimu mmoja kijana wa Gredi ya 8. Akauliza, "Hao 300 ni wa msingi peke yao. Wa sekondari msingi mmewahesabu?" Kimya. Tangu 2023 watoto hao, wa kuanzia Gredi ya 7, wako palepale kwenye kiwanja cha msingi, na hapo kwetu wanapanga foleni kwenye sufuria hiyohiyo. Wako 150. Jumla 450, gorogoro ishirini na mbili na nusu kwa siku. Gunia, siku mbili kamili. Mpishi hakuiba hata punje. Pesa za wale 150 zilikuwa zikikusanywa kwenye kitabu kingine ambacho mnunuzi wa mahindi hakuwahi kukiona, kwa hivyo pengo lote likawa linabebwa na sisi wa msingi.

Nilipomuuliza mwalimu yule baadaye kwa nini alinyamaza muda wote huo, alinijibu, "Nani aliniuliza?" Hilo limenikaa rohoni. Sisi tulidhani walimu wameketi na mwalimu mkuu kupanga mambo, kumbe na wao huletewa maamuzi kama sisi. Ukiitazama Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, bodi ya shule ina viti sita vya wanaochaguliwa kwa niaba ya wazazi na jamii, vitatu vya mfadhili, lakini mwalimu anayechaguliwa na wenzake ni mmoja tu. Na katibu wa bodi ni mwalimu mkuu, bosi wake. Hapo atapinga nini?

Ndiyo maana nasema ukubali. Chama cha wazazi ni cha kila mwenye mtoto shuleni, na kamati yake ina mwakilishi wa kila darasa pamoja na walimu wawili. Hao wawili ndio wako. Kaa nao kabla ya mkutano, hata kwa chai ya kibandani, maana mkishaketi mbele ya watu kila mmoja hulinda upande wake. Mwenyekiti wa kamati na wenzake wawili huingizwa kwenye bodi, kwa hivyo mliyozungumza yatafika. Na tarehe ya mkutano ikisomwa Jumanne asubuhi, kataa hapohapo.

Sisi sasa vitabu vimeunganishwa, na mzigo wa chakula hupokelewa kwa sahihi mbili, ya mzazi na ya mwalimu. Wiki jana zamu ilikuwa yangu na yule kijana. Tulifungua gunia la maharagwe tukakuta yametobolewa na wadudu, tukalirudisha. Mwenye duka ni jirani yangu, na hadi leo hajaitikia salamu yangu.

Msalimie Baba Zawadi, na uniandikie uchaguzi ukiisha.

Wako,
Mama Otis